Bata Walioninyoosha Mgongo

Nilikuwa na miaka 12 nilipoingia jarubani, kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa matuta, kupalilia kwa mara ya kwanza, nyuma ya mama, na nilikuwa na miaka 41 msimu nilioacha. Kati ya hapo sikukosa msimu hata mmoja, isipokuwa ule niliojifungua kitinda mimba wangu. Kwa hiyo nikiandika habari za bata naanza na mgongo, maana bila mgongo huu nisingewahi kuwatazama bata kama kitu cha maana shambani.

Kupalilia mpunga si kama kupalilia mahindi. Huna jembe. Umeinama, maji yamekufika kwenye ugoko, tope limekumeza miguu, na mikono miwili inapapasa chini kutafuta kitu ambacho macho hayakioni vizuri. Ndago ukiivuta vibaya inakatikia juu, mzizi unabaki, na wiki ijayo imesimama pale pale kama hukuigusa. Magugu unayoyang'oa unayaviringisha kama tonge, unayakandamiza kwa kisigino yaoze chini. Unaanza saa moja asubuhi mpaka saa saba mchana. Jaruba langu ni mita 30 kwa mita 100, watu watatu tunalimaliza kwa siku nne au tano, na baada ya wiki tatu tunarudi tena. Jioni ukiwa kwenye kigoda huwezi kunyanyuka mpaka uweke mikono kwenye magoti. Nimemwona mama yangu akinyanyuka hivyo maisha yake yote, na siku moja nikajikuta mwenyewe nanyanyuka hivyo hivyo, binti yangu ananitazama.

Sisi tuko Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, ndani ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Maji yetu yanatoka mito ya Rau na Njoro. Majaruba yalipimwa kwa kamba, hekta 0.3 kila moja, na baba aliniachia moja. Yeye alipanda IR54, mbegu iliyokuja na mradi. Mimi napanda SARO 5 kama wengi hapa, kwa sababu ina harufu na wanunuzi wanaiulizia.

Jaribio langu la kwanza na bata lilikuwa mwaka 2017, na nilikosea kila kitu. Mama mkwe alikuwa na bata kumi na wawili nyumbani, wale wakubwa wenye nyama nyekundu usoni. Nikamwomba anikopeshe niwapeleke jarubani.

"Mwanangu," akaniambia, "bata ni mlafi. Atakumalizia mpunga."

"Mama, niachie siku tatu tu, wale magugu."

Hawakufika siku tatu. Mpunga ulikuwa na siku sita tangu kupandikizwa, mizizi haijashika. Bata mzito akipita katikati ya mistari anaulalia mche kwa kifua, na akichoka anaukalia kabisa. Bata wa aina ile asili yake ni Amerika ya Kusini, na ni mpenda majani kwelikweli. Kufika jioni ya pili kona nzima ya jaruba, karibu na mahali maji yanapoingilia, ilikuwa tupu kama uwanja. Nilikaa kwenye tuta nikalia, sioni aibu kusema. Asubuhi yake mama mkwe alikuja na karai la miche iliyosalia kitaluni kwake, akapandisha kanga yake, tukajaza mapengo pamoja, na hakutamka neno lolote kuhusu ulafi wa bata.

Ningeishia hapo. Ila miaka miwili baadaye alipita huku kwetu kijana mmoja wa Kijapani aliyekuwa akifanya kazi ya kujitolea. Akakuta napalilia, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuunga-unga kwa nini sina bata. Nikamweleza yaliyonipata. Akatoa simu, akanionyesha picha za mkulima wa kwao, Takao Furuno, wa mji wa Keisen huko Fukuoka, ambaye tangu mwaka 1988 analima mpunga pamoja na bata. Bata wake wanaitwa aigamo, chotara wa bata wa kufugwa na bata mwitu, wadogo, wepesi. Kilichonishangaza kwenye zile picha ni kwamba walikuwa vifaranga. Manyoya yao bado ya pamba, wamejaa katikati ya mpunga mchanga, na mpunga umesimama.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimeingiza bata wazima kwenye mpunga wa kitoto, kumbe wanatakiwa wakue pamoja.

Nikachukua kalenda ya ukutani nikaanza kuhesabu kwa kurudi nyuma. Miche yangu inakaa kitaluni siku 21. Baada ya kupandikiza naipa siku kama 10 ishike mizizi. Siku hiyo vifaranga wanapoingia, nataka wawe na umri wa siku 12 hivi: wakubwa vya kutosha kustahimili maji, wadogo vya kutosha wasivunje mche. Maana yake waanguliwe siku mbili kabla ya kupandikiza. Mayai ya bata wadogo hulaliwa siku 28. Basi mayai yanatakiwa kuingia chini ya kuku siku tisa kabla mbegu haijamwagwa kitaluni. Hesabu hiyo niliiandika kwa kalamu ya risasi nyuma ya mlango wa jiko na ipo mpaka leo. Mtu akiniuliza nimpe siri moja tu ya bata na mpunga, nampeleka kwenye ule mlango. Wale bata wenye uso mwekundu hesabu yao ni nyingine, mayai yao hulaliwa siku 35, nao hata wakiwa vifaranga siwashauri.

Mayai 40 niliyapata kwa mfugaji mmoja wa Kahe mwenye bata wadogo wa rangi ya udongo, wenye mwendo wa haraka. Niliyagawa kwa kuku watano waliokuwa wanatamia. Hapa nikajifunza jambo lingine. Bata mwenyewe akitoka kula hupita majini, anarudi kwenye mayai akiwa na unyevu kwenye manyoya. Kuku harudi na unyevu wowote. Kwa hiyo wiki ya mwisho nilikuwa nanyunyizia mayai maji ya uvuguvugu kwa vidole kila mchana. Walianguliwa 29.

Siku ya tatu nikawapeleka kuogelea. Bata ni wa majini, nikajua wataogelea, na kweli waliogelea. Nikakaa kando nafurahi. Kumbe kifaranga aliyeanguliwa na kuku hajapata yale mafuta ambayo mama bata humpaka kwa kumkumbatia, na manyoya yake yanalowa kama kitambaa. Ilikuwa mwezi wa saba, na mtu wa Moshi anajua baridi ya mwezi wa saba upepo ukishuka kutoka mlimani jioni. Nilipowatoa walikuwa wanatetemeka, wengine shingo zimelegea. Niliwaweka ndani ya kapu karibu na mafiga, binti yangu akawa anawapangusa mmoja mmoja kwa fulana kuukuu. Saba walikufa usiku ule.

Tangu hapo tunawafundisha. Kuanzia siku ya nne, jua la saa sita, beseni lenye maji ya kufika kifuani kwao, dakika kumi, halafu juani wakauke. Kesho yake dakika kumi na tano. Utawaona wanaanza kujichana kwa mdomo, wanachota kitu chini ya mkia wanapaka mgongoni. Wakifika siku ya kumi, mwagia tone la maji mgongoni kwa kifaranga: likiteleza kama juu ya jani la mgomba, yuko tayari. Likizama, mrudishe kwenye beseni.

Siku nilipowaingiza wale 22 jarubani nilikaa kwenye tuta tangu asubuhi hadi kiza. Sina namna ya kueleza vizuri nilichokiona, lakini nitajaribu. Kifaranga anaingia kati ya mistari miwili, shingo ameinyoosha mbele usawa wa maji, mdomo unapiga kushoto na kulia, chap chap chap, bila kupumzika. Akifika kwenye shina la mpunga anaingiza mdomo pale shina linapoingia topeni, anachokonoa kulizunguka lote, anatoa kitu, anameza, anahamia shina linalofuata. Hapiti bila kusimama. Kidudu kikiwa juu ya jani anaruka, anakidaka, jani linayumba. Na jani lenyewe halili. Jani la mpunga ni gumu na linakwaruza, ukilipitisha kati ya vidole kwa kurudi nyuma unalisikia; nyasi laini ziko tele pale pale, kwa nini ajisumbue nalo? Miguu nayo inapiga tope muda wote. Kufika saa nne maji ya jaruba zima yalikuwa yamebadilika rangi, kama chai ya maziwa. Jaruba la jirani maji yake maangavu, unaona mpaka chini, na chini kule kijani kibichi cha magugu kimeanza.

Rangi ile ya chai ndiyo palizi yenyewe. Nilikuwa nadhani bata watapalilia kwa kula. Wanakula, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya kazi inafanywa na tope. Mbegu ya gugu iliyo chini ya maji machafu haipati mwanga, na iliyojaribu kuota inang'olewa na miguu kabla haijashika. Wiki ya tatu baada ya kupandikiza, wakati ambapo kwa kawaida naita wanawake wenzangu wawili wa kibarua, niliingia jarubani kupapasa chini kwa mikono kama nilivyozoea. Tope lilikuwa laini kama uji. Hakuna nyuzi za mizizi. Nilitembea mstari mzima mita 100 nikang'oa magugu yanayojaa kiganja kimoja, hasa yale yanayofanana na mpunga, ambayo yakishapanda juu bata hawayawezi. Nikasimama mwisho wa mstari mgongo umenyooka, saa mbili asubuhi, sina kazi.

Mashina nayo yalikuwa tofauti, na hili mume wangu ndiye aliyeliona kwanza, ingawa yeye ni fundi ujenzi na shamba analijua kwa kupita tu. Alisema mpunga wa huku umekaa kama mtu aliyepanua miguu. Ni kweli. Shina linalosukumwa-sukumwa kila siku linanenepa chini, na machipukizi yanafunguka kwa nje kama feni badala ya kubanana. Konokono walipungua kwenye kingo, na viluwiluwi vya mbu ambavyo hujaa pembezoni maji yakitulia sikuviona. Kama mbu wa nyumbani walipungua siwezi kudai, maana majaruba yametuzunguka pande zote na ya wengine hayana bata.

Sasa yaliyonishinda, kwa sababu nayo ni mengi.

Kwanza maji. Bata na mpunga vinahitaji maji ya kina kimoja kila siku, kama urefu wa kidole cha kati. Yakizidi, miguu ya kifaranga haifiki chini, tope halichafuki, na magugu yanaota kwa raha zao. Yakipungua, bata wanatembea badala ya kuogelea, wanakanyaga, wanachoka, wanalala juu ya mpunga. Lakini sisi hapa maji ni ya zamu. Wakulima wa juu wameongezeka tangu mradi uanze, mito ni ile ile, na kuna wiki zamu inachelewa. Msimu wa pili jaruba lilikauka siku sita mfululizo. Bata wakawa wanazurura juu ya tope linalopasuka, wanalia, na kwa njaa wakaanza kudonoa mpunga. Ndago nayo haikuchelewa: ndani ya zile siku sita ilijitokeza kila mahali, na maji yaliporudi ilikuwa imeshawazidi.

Nikafanya mambo mawili. Matuta niliyainua na kuyakandika upya kwa tope zito, nikaziba matobo ya panya na kaa, kwa sababu nilikuwa napoteza maji mengi kwa kuvuja kuliko nilivyojua. Mtu anayelima bila bata halioni hilo, maana mpunga unavumilia. Na kwenye kona ya chini nikachimba kidimbwi cha hatua tatu kwa hatua mbili, kina cha goti, nikipoteza mashina ya mpunga ya eneo hilo. Maji yakiisha bata wanakimbilia pale, wanakaa, wanasubiri. Hiyo imewaokoa mara nyingi. Haiokoi palizi, lakini inaokoa bata, na kwa zamu zetu hizi sijapata njia bora zaidi.

Pili, mbolea. Msimu wa tatu nilikuwa na vifaranga 60, na kwa woga wa mazoea nikamwaga na urea yote kama ninavyomwaga siku zote, mikono miwili. Mpunga ukawa kijani cheusi, mrefu, mzuri wa kupiga picha. Majirani wananisifu njiani. Ulipobeba mimba na kuanza kutoa masuke ikaja mvua ya upepo usiku mmoja, asubuhi theluthi ya jaruba imelala chini. Kinyesi cha bata ni mbolea, kila siku, kidogo kidogo, pale pale kwenye mzizi, na mimi nikaongeza juu yake mfuko mzima. Kuvuna mpunga uliolala ni mateso, na punje zinaota zikiwa bado kwenye suke. Siku hizi naweka kiasi kidogo cha mbolea wakati wa kuvuruga tope kabla ya kupandikiza, basi, halafu naangalia rangi ya majani. Misimu miwili iliyopita sikugusa urea ya kukuzia.

Tatu ni jambo ninalolisema kwa uzito zaidi. Kimyanga. Anayelima mpunga anaujua ule unjano unaoanza kwenye majani machanga, mche unadumaa, na dawa yake haipo. Ugonjwa ule unaenezwa na mbawakawa wanaokula majani, na bata wanawala mbawakawa, kwa hiyo upande mmoja nimefaidika. Lakini unaenezwa pia kwa kugusana, na inajulikana kwamba ng'ombe, punda na panya wakipita kwenye mpunga mgonjwa wanaupeleka kwenye mzima. Bata naye anapita akisugua kila shina. Kwa hiyo sheria yangu ni kwamba bata wa jaruba hili hawaendi jaruba lingine, hata jirani akiniomba kwa wema, na siku nilipoona mashina manne yenye unjano wa mashaka niliwatoa wote kwa siku mbili, nikang'oa yale mashina na yaliyoyazunguka, nikayazika mbali. Huenda nilizidisha tahadhari. Ningerudia tena.

Na nne, sumu. Hili limeniuma kuliko kenge wote wanaonilia bata.

Kenge wenyewe tulishawazoea. Tulinunua nyavu chakavu za wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu, tukazunguka jaruba zima, mita 260, chini tukazikandamiza na tope. Juu tukavuta nyuzi kukatisha jaruba, zenye vipande vya utepe wa kaseti, mwewe hawapendi kushuka penye nyuzi. Jioni kijana wangu anapiga mfuniko wa sufuria, wanakuja mbio wakijipanga kwenye tuta, wanapewa pumba yenye chenga kiganja kimoja kila watano, wanaingia bandani. Ukiwashibisha asubuhi hawafanyi kazi. Hayo yote yanawezekana. Tunapoteza wanne, watano kwa msimu, tunameza.

Lakini mwaka juzi jirani yangu wa upande wa chini alipuliza dawa ya wadudu jioni. Wavu ulikuwa umefunuka mahali pamoja kwenye tuta letu la pamoja. Bata kumi na mmoja walipita usiku kwa sababu mlango wa banda haukufungwa vizuri. Asubuhi tuliwakuta kule kwake, wengine wameshaelea, wawili bado wanapiga mabawa. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa amewapa majina. Sikwenda kwa jirani siku ile kwa sababu nilijua ningesema maneno ambayo hayarudi. Nilikwenda kesho yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Nimesikia. Pole sana."

Alikuwa amenitangulia kwa pole, na hasira niliyoibeba njia nzima ikakosa pa kushukia. Alipuliza shambani kwake, dawa aliyoinunua kwa fedha yake, na bata walikuwa wangu, na wavu ulikuwa wangu. Tulikaa chini ya mkorosho wake muda mrefu. Akaniuliza mimi nanunua chupa ngapi za dawa kwa msimu. Nikamwambia kwamba huu ni msimu wa tatu sijanunua hata moja. Akanyamaza, akaniuliza tena kama nina hakika. Tulipatana kwamba kabla hajapuliza ananipigia simu, na mimi nafungia bata siku nne, na maji yake hayafunguliwi kuja upande wa kidimbwi changu. Amelishika neno lake mpaka leo. Nami wavu wa upande wake nauangalia kila jioni kwa mkono wangu mwenyewe, sitegemei mtoto.

Watu huniuliza kwanza kuhusu magunia, nami nimelichelewesha makusudi kwa sababu jibu lake huwavunja moyo. Kabla ya bata nilikuwa napata gunia 18, msimu mzuri 19. Msimu wa kwanza wa bata nilipata 17. Ule wa mpunga kulala, 15. Misimu hii ya karibuni napata 20, na mara moja 21. Mtu anayetegemea magunia yaongezeke mara mbili atakata tamaa mapema. Tofauti iko kwenye daftari upande wa pili, upande wa matumizi. Vibarua wa palizi mbili, sifuri. Dawa ya wadudu, sifuri. Mbolea, chini ya nusu. Gharama mpya ni pumba, mayai, nyavu, na muda wa mtoto jioni. Ndege ni gharama ambayo haikuondoka: mpunga ukianza kuwa na maziwa kwelea kwelea wanakuja na bata hawana habari nao, lazima tuamie kama kila mtu, makopo na makelele tangu alfajiri. Tena wakati huo bata wenyewe wameshatolewa. Suke likitokeza tu, watoe siku hiyo hiyo. Punje changa wanaijua haraka sana, na wakishaionja hakuna pumba itakayowarudisha kwenye konokono.

Kuuza nako kuna kazi yake. Niliwaza bata 50 watakwisha kwa wiki moja kama kuku. Hapa kwetu wengi hawana mazoea na nyama ya bata, wanasema ina mafuta, ina harufu. Wateja wangu wa kwanza walikuwa familia za Pasua, wanaojua kumpika kwa nazi na viungo, nilianza kwa shilingi 15,000 kwa bata. Sasa nawapigia simu kabla ya sikukuu, nao wanaambiana. Wasiouzika nawaacha watage. Nyama hii ni fedha ya ada na ya daftari za shule, naishukuru, lakini mtu anayeingia kwa ajili ya nyama tu namshauri afuge kuku.

Niseme pia kuhusu wale wanawake wawili wa kibarua, kwa sababu limenikaa moyoni. Palizi yangu ilikuwa fedha yao. Mmoja aliniambia wazi, bila chuki, kwamba bata wangu wamemnyang'anya siku tisa za kazi kwa msimu. Sikuwa na la kumjibu, maana ni kweli. Msimu uliofuata nilimpa vifaranga 15 na nyavu zilizobaki, kwa jaruba dogo alilokodi. Walikufa wanane kwa sababu sikumweleza vizuri habari ya beseni, na hilo ni kosa langu. Mara ya pili alitoboa. Mwenzake hataki bata, anasema hana wa kukaa nyumbani jioni, na amepata palizi kwingine. Tunasalimiana vizuri tu.

Mama mkwe sasa ndiye mkuu wa mayai. Ana miaka 74, mgongo wake haukunyooka na hautanyooka, lakini jicho lake ni kali kuliko letu. Juzi usiku tulikaa jikoni, taa imezimwa, nikashika tochi, yeye akawa anainua yai moja moja mbele ya mwanga. Lenye uhai linaonyesha mishipa myekundu kama mizizi ya mche na doa jeusi linalotikisika. Lisilo na kitu linang'aa tupu. Kati ya 72 tuliyaweka kando tisa. Kuku mmoja hakutaka kurudi kwenye kiota, mama akamshika kifuani akimwimbia pole pole mpaka akatulia, akamkalisha.

"Mbegu unaloweka lini?" akaniuliza.

Tukawasha taa, nikasoma nyuma ya mlango. Alhamisi.